Vitabu Hivi Si Mali ya Marehemu

Maisha ya Andendekisye Mwasambili, kama yalivyosomwa na dada yake, Mwalimu Tusajigwe, siku ya maziko, Ilomba, Mbeya, Alhamisi tarehe 13 Agosti 1959

Mchungaji Yohane, wazee wetu, ndugu na majirani, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuja na baridi hii. Familia imempa Mwalimu Tusajigwe, dada wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yake. Ameombwa asome kwa ufupi na kwa upole. Ufupi atajitahidi. Upole mtamsamehe, maana kila akiinua macho kutoka kwenye daftari hili analiona lile sanduku la mninga pembeni ya kaburi, limefunikwa shuka jeupe, na Mama Damari amelikalia. Kabla hatujamaliza mtajua kwa nini amelikalia na kwa nini wanaume wanne wameshindwa kumwinua.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 17 Machi 1918, karibu na misheni ya Rungwe. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Eliezeri Mwasambili na marehemu Mama Sekela. Wawili waliomtangulia walichukuliwa na ile homa kubwa iliyopita mwishoni mwa mwaka huohuo, wote ndani ya wiki moja. Akabaki yeye peke yake mgongoni kwa mama, hadi mwaka 1920 alipozaliwa Tusajigwe. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakulia ovyo. Alikuwa anakodoa macho tu, kama mtu anayesubiri kuelezwa jambo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1926 hadi 1931. Tangu alipozijua herufi, hakuna karatasi iliyompita. Siku moja mama alimtuma dukani chumvi. Mwenye duka akaifunga katika kipande cha gazeti. Njiani Andendekisye akaona maandishi, akamimina chumvi yote mfukoni mwa kaptula ili asome vizuri, na mvua ya Rungwe mnaijua, haiombi ruhusa. Akafika nyumbani na gazeti kavu alilolificha kwapani, na kaptula inayochuruzika maji ya chumvi. Mama akauliza, "Chumvi iko wapi?" Akajibu, "Mama, habari ilikuwa ndefu." Alichapwa, lakini yule mama aliyemchapa alicheka mpaka akakaa chini, na gazeti lile alilitunza.

Mwaka 1932 alichaguliwa kwenda shule ya serikali ya Malangali. Alikwenda kwa miguu, na unga wake kichwani, akalala kwa watu asiowajua, wakampokea. Alimaliza mwaka 1936 akiwa na cheti kizuri na kikohozi ambacho hakikumwacha kabisa maisha yake yote.

Januari 1937 alipata kazi mjini Iringa katika ofisi ya wakili mmoja Mhindi, Bwana Vallabh Thakkar. Alianza kwa kufagia, baadaye akafundishwa taipu, na mwishowe akawa karani mkuu na mkalimani. Alikaa hapo miaka kumi na saba. Bwana Thakkar alikuwa na hasira za karibu, hata kalamu alikuwa anazirusha, lakini alimfanyia marehemu jambo moja ambalo familia hii haitalisahau. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango walikuwa wanasoma ukurasa mmoja wa sheria. Karani husoma Kiingereza, kisha hueleza kwa Kiswahili, na mkubwa wake husikiliza huku amefumba macho. Karani akibabaika, bwana husema, "Hujaelewa bado. Rudia." Ukurasa mmoja kila siku ya kazi kwa miaka kumi na saba, ndugu zangu! Nchi nzima hakuna chuo cha kufundisha uwakili, ila Iringa, nyuma ya duka la vitambaa, palikuwa na chuo cha mwanafunzi mmoja.

Tarehe 26 Juni 1943 alifunga ndoa takatifu na Matilda Mgongolwa wa Iringa. Wazee wa Rungwe walinuna kidogo kwamba Mhehe ataingia ukoo, kisha wakaonja mapishi yake wakanyamaza. Mke na mume walitaniana mpaka mwisho. Ugali ukiungua, marehemu alidai aletewe shahidi aliyeona nani aliondoka jikoni. Matilda alimjibu, "Hakimu hali mpaka kesi iishe," naye akafuta kesi papo hapo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Isakwisa, Yudith na Crispin.

Sasa tumefika mwaka 1954, na hapa ndipo sauti ya msomaji itakapopanda, mtavumilia.

Mwaka huo Bwana Thakkar, akiwa na miaka sabini na moja, alifunga ofisi ili arudi kwao. Alikuwa na vitabu vya sheria thelathini na moja. Wapo waliotaka kuvinunua, akakataa. Alimwita karani wake akamwambia, "Hii nchi siku moja itajitawala. Makofi mtayapata mengi. Watu wa kuuliza mtawala imeandikwa wapi, hao mtawatoa wapi? Chukua hivi vitabu, vipeleke kwenu. Usivifanye vyako." Akakaa siku mbili akiandika kwa mkono wake kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, vitabu vyote thelathini na moja, maneno haya kwa Kiswahili: "Kitabu hiki ni zawadi kwa watu wa Mbeya wanaotaka kuisoma sheria. Si cha mtu mmoja." Marehemu akatia sahihi chini yake kama shahidi.

Fundi Marcelino wa Mafinga akatengeneza sanduku la mninga lenye kufuli. Marehemu, mkewe, watoto na sanduku wakapanda lori la mbao mpaka Mbeya. Njia nzima alilikalia mwenyewe kuzuia lisirushwe na mashimo.

Jumamosi tarehe 6 Novemba 1954 alikabidhi zawadi ile kwenye baraza letu, pale wanaposikiliza mashauri yetu. Mnajua kwamba mawakili hawaruhusiwi kuingia katika mahakama za wenyeji. Mtu wa kwetu akishitakiwa anasimama yeye na Mungu wake. Kwa hiyo marehemu alitaka vitabu vikae pale pale barazani, kwenye rafu, mlango wazi, asome karani, mwalimu, mkulima wa kahawa, na mwanamke mwenye shauri lake. Hayo aliyasema mbele ya watu wasiopungua sitini. Wengi wenu mlikuwepo, mlikula kuku.

Kwa desturi yetu, kitu cha watu wote hakiwekwi mezani hivihivi, kinapita mikononi mwa mkubwa. Mkubwa wa baraza alikuwa, na ni mpaka leo, Mzee Mika, ambaye yuko hapa, amekaa kiti cha mbele, na tunamsalimu kwa heshima zote. Marehemu alipiga goti, akatoa ufunguo kwa mikono miwili. Mzee Mika akaupokea kwa mikono miwili, akasema kwa sauti, "Nimepokea." Tukapiga vigelegele. Ufunguo ukaingia kwenye koti la Mzee.

Hapo ndipo Andendekisye alipokosea, na kosa lake lisemwe, maana yeye mwenyewe alilisema mpaka siku ya kufa. Mtu aliyepiga taipu mamia ya hati za watu wengine, kwa zawadi yake mwenyewe hakuandika hata mstari mmoja. Dada yake alimwambia jioni ileile, "Mwombe Mzee akuandikie kwamba amepokea kwa ajili ya watu." Akashituka kama aliyemwagiwa maji. "Tusajigwe! Nimdai mkubwa karatasi? Ni sawa na kumtukana mbele ya watu." Alilelewa vizuri mno, ndiyo shida. Angelelewa vibaya kidogo tu, leo sanduku lingekuwa limeshachakaa kwa kufunguliwa.

Jumatatu yake sanduku liliingizwa stoo ya baraza. Mlango wa stoo uko hatua tatu nyuma ya kiti cha Mzee Mika. Rafu haikujengwa. Mwaka 1955 marehemu aliajiriwa kuwa karani wa baraza hilohilo, naye alifurahi akidhani amesogea karibu na vitabu. Akaomba ufunguo. Mzee akasema mende wataingia. Akaomba tena baada ya mavuno. Mzee akasema ngoja kwanza lije kabati la vioo. Mara ya tatu Mzee alisema ukweli wake, na tunamshukuru kwa ukweli: "Kijana, sheria za hapa ziko kichwani mwangu. Watu wakisoma hayo makaratasi wataanza kuniuliza." Eti wataanza kumuuliza! Jamani, si ndiyo maana vitabu vililetwa?

Mwezi Mei 1957 Mama Damari, mnayemwona pale juu ya sanduku, alikuwa ametoka kumzika mumewe. Shemeji yake alidai shamba la kahawa na migomba, shamba ambalo Damari alilifungua kwa jembe lake mwenyewe. Baraza likampa shemeji. Karani, akiwa ameshika kalamu ya kuandika hukumu, alisimama. Hakuruhusiwa kusema, lakini alisimama. "Mzee, samahani. Huyu mama ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku thelathini. Inapasa aambiwe." Mzee Mika akamwangalia. "Imeandikwa wapi?" "Imeandikwa kitabuni, Mzee." "Nionyeshe palipoandikwa."

Sikilizeni vizuri hapo. Kitabu kiko hatua tatu nyuma ya kiti. Ufunguo uko mfukoni mwa yule anayesema nionyeshe. Na watu waliokuwa barazani walicheka. Wapo hapa waliocheka.

Marehemu hakukata tamaa. Aliandika barua makao makuu ya wilaya kuuliza, jibu likachukua wiki saba. Lilikuja likisema ndiyo, haki hiyo ipo, siku thelathini, na siku hizo zimepita. Kwenye lile shamba wameshazaliwa mbuzi wa shemeji na wajukuu wa mbuzi. Mama Damari sasa analima kibarua kwenye mashamba ya wenzake hapa Ilomba, na asubuhi ya leo kabla ya kukalia sanduku amechota ndoo tisa za maji ya msiba huu. Hasira aliyokuwa nayo Andendekisye siku ile hakuipeleka kwa mtu. Aliingia nayo ndani, akakaa kitandani na viatu vyake, akamwambia mkewe, "Matilda, nimelifunga mwenyewe lile sanduku. Mimi ndiye niliyempa ufunguo."

Baada ya hapo alianza darasa. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye kibaraza cha kanisa, kwa ruhusa ya Mchungaji Yohane, alifundisha sheria kutoka kichwani, zile kurasa za miaka kumi na saba. Walianza watu watano, wakafika kumi na wanane. Aliwafundisha rufaa ni nini, shahidi anaulizwaje, na kwamba mshitakiwa ana haki ya kuambiwa kosa lake. Aliwafundisha hata namna ya kuchagua mwenyekiti wa chama cha kahawa: kila mtu anatumbukiza punje yake kwenye chungu, na punje zinahesabiwa mbele ya wote, si mkubwa kutazama nyuso na kutangaza jina. Mwalimu mzuri, ila alikuwa na adhabu mbaya. Ukikosea alikutazama kwa huzuni, na afadhali bakora.

Wanafunzi wake walimwuliza mara nyingi, "Mwalimu, tutayaona lini maneno yenyewe?" Alisema, "Mwezi ujao." Alisema hivyo mwaka mzima.

Mwaka 1958, mwaka wa kura, watu walianza kwenda barazani na maswali ya darasani. Mwezi wa Aprili marehemu aliachishwa kazi. Aliambiwa ameingilia mambo yasiyo ya karani. Alirudi nyumbani na kalamu yake na kikombe chake cha chai, akasema, "Sasa nitakuwa na Jumamosi sita kwa wiki."

Hakuzipata. Kile kikohozi cha Malangali kiligeuka. Septemba 1958 alianza kutema damu. Alilazwa mara tatu, madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo na tunawashukuru. Matilda aliuza mashine yake ya kushona ili apate maziwa na mayai. Marehemu alitibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena mwezi wa Juni na baridi. Wiki yake ya mwisho alimwita dada yake akamwambia aandike, naye akaandika katika daftari hili hili, ukurasa wa nyuma: "Zawadi ikitolewa, na ikapokelewa, imemtoka mtoaji. Hawezi kuidai, wala warithi wake hawawezi, wala haiingii katika mali yake akifa." Akapumzika, akaongeza, "Kitabu cha nane kutoka kushoto. Jalada la kahawia. Nimesahau ukurasa." Hilo lilimsikitisha kuliko maumivu, kwamba amesahau ukurasa. Alifariki Jumanne tarehe 11 Agosti 1959, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa "ndaga fijo", ahsante sana, alipompa maji.

Jana adhuhuri wanaume wanne waliingia hapa msibani wamebeba sanduku. Miaka minne na miezi tisa halikuweza kusogea hatua tatu, jana limetembea maili mbili! Mjumbe wao akasema, "Mzee Mika ametoa pole. Anasema hii ni mali ya marehemu. Wazee wetu walishuka na nguo zao, na huyu ashuke na vitabu vyake." Ufunguo ukaulizwa. Umepotea.

Ni kweli, kwetu Unyakyusa jamaa walileta nguo zikashuka na maiti, na ni desturi ya upendo, hatuidharau. Ni kweli pia wapo wazee wa ukoo wetu waliotoa machozi wakaona Mzee Mika ametuheshimu, wakaamuru kaburi lipanuliwe. Tazameni, limepanuliwa. Wajomba zetu walichimba kwa jasho lao, kwa nia njema, nafasi ya kuzikia kazi yote ya mtoto wao. Leo asubuhi Tusajigwe alipopiga kelele aliambiwa anyamaze, mwanamke hasemi juu ya kaburi. Ndipo Mama Damari, asiyejua kusoma hata jina lake, alipoweka ndoo chini, akalikalia sanduku, akasema, "Basi tuzikeni wote watatu."

Kwa hiyo wasifu huu unasema, mbele ya Mungu na mbele ya jeneza la mtu ambaye hakudanganya: vitabu hivi si mali ya marehemu. Alivitoa. Mzee Mika alisema "Nimepokea" watu sitini wakisikia. Kama alipokea kwa ajili yake mwenyewe, aseme hapa leo, tujue. Kama alipokea kwa ajili ya watu, basi ni vya watu, na mali ya watu walio hai haiwekwi kaburini. Anayetaka karatasi, karatasi zipo, thelathini na moja, kwenye kurasa za kwanza, kwa mkono wa Bwana Thakkar na sahihi ya huyu aliyelala. Zimefungiwa humo ndani pamoja na vitabu.

Ufunguo umepotea, sawa. Fundi Marcelino amefika kutoka Mafinga kumzika rafiki yake, na amekuja na bisibisi. Yeye ndiye aliyetia bawaba, anasema zimeshikwa na skrubu nane kwa nyuma, na kufuli haitaguswa. Tumemwomba Mchungaji, naye amekubali, kwamba kabla ya udongo kutupwa sanduku lifunguliwe hapa hapa. Tusajigwe atatafuta kitabu cha nane, kisha kile cha rufaa, na wale kumi na wanane wa Jumamosi watasoma kwa zamu, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili. Kuanzia wiki ijayo vitakaa kanisani, pale penye darasa, mlango wazi.

Marehemu ameacha mjane, Matilda; watoto watatu, Isakwisa, Yudith na Crispin; dada mmoja; wajomba waliochimba; na wanafunzi kumi na wanane. Vitabu havimo katika orodha hii, na sababu mmeisikia.

Mama Damari amesema atainuka juu ya sanduku kwa sharti moja, kwamba asomewe yeye kwanza ule ukurasa wa siku thelathini, polepole, mpaka mwisho. Shamba halitarudi, anajua. Tunamwomba Mzee Mika asogeze kiti chake karibu. Mwaka juzi aliuliza imeandikwa wapi, na aliyeulizwa hakupewa nafasi ya kujibu. Leo ataonyeshwa palipoandikwa.

Andendekisye, pumzika kwa amani, kaka. Ukurasa tutautafuta sisi.